"Dari" Badala ya "Gari": Tumsaidieje Mtoto Kutamka Sauti Nyumbani?

Nimefundisha watoto wa chekechea hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 20, na kila muhula wa kwanza haupiti bila mzazi kunivuta kando ya mlango na kuninong'oneza swali lile lile: "Mwalimu, huyu wangu mbona hasemi sawasawa?" Mmoja mtoto wake husema "dari" akitaka kusema gari. Mwengine kuku kwake ni "tutu". Mwengine bado asema "lafiki" na miaka 6 imeshafika. Na aghalabu mzazi huyo ameshapewa ushauri wa kila namna barazani: muache ataacha mwenyewe, mkate kimeo, mpeleke kwa fulani akamtazame ulimi.

Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu mengi yaweza kufanywa nyumbani bila gharama. Na yale yasiyowezekana nyumbani, ni vyema mzazi ayajue mapema asipoteze miaka.

Kwanza: ni kosa, au ni umri wake?

Sauti haziji zote siku moja. Mtoto huanza na zile za midomoni na za mbele ya kinywa, zilizo nyepesi: m, b, p, n, t. Ndiyo maana "mama", "baba" na "papa" hutangulia. Kisha hufuata k, g na f, ambazo watoto wengi huwa wamezipata wakifika miaka 3 hivi. Halafu s, sh, ch na j. Zinazochelewa zaidi ni r, na zile zinazotaka ulimi ukae mahali mahususi, kama th ya "thelathini", dh ya "dhahabu" na gh ya "ghali". Mtoto wa miaka 4 anayesema "ludi" badala ya rudi hana ugonjwa wowote. R hukawia hadi miaka 5 au 6, na si ajabu.

Wataalamu wa usemi wana kipimo chepesi ambacho mzazi yeyote aweza kukitumia. Usijipime wewe mama yake, kwa sababu wewe wamuelewa hata akikoroma. Mpime kwa mgeni: muuza duka, jirani mpya, dereva wa tuktuk. Mtoto wa miaka 2, mgeni huelewa takriban nusu ya anayoyasema. Wa miaka 3, robo tatu. Wa miaka 4, mgeni aelewe karibu yote, hata kama sauti moja mbili bado hazijakaa. Ikiwa wako ana miaka 4 na muuza duka bado akutazama wewe umfasirie, hapo pana kazi ya kufanywa.

Na tusichanganye kosa na lahaja. Mtoto wa Kimvita akisema "ndoo" akimaanisha njoo, au "mato" akimaanisha macho, hajakosea. Hiyo ni lugha ya nyanya yake. Nimemsikia mtoto akishtaki darasani, "Mwalimu, aniteka!" na mwalimu mgeni akadhani kuna mtu atekwa nyara, kumbe mwenziwe alikuwa amcheka. Mtoto wa Lamu akisema "yua" kwa jua, vivyo hivyo. Wala "habari" badala ya "khabari" si kosa. Zote mbili zasemwa. Kosa la matamshi ni pale mtoto anaposhindwa kutoa sauti ambayo watu wa nyumbani kwake mwenyewe wanaitoa. Na nyumba yenye lugha mbili, Kiswahili na Kigiriama, au Kiswahili na Kidigo, isimfanye mzazi aache moja kwa kuhofu kwamba mtoto atachanganyikiwa. Lugha mbili hazimharibii mtoto matamshi.

Kwa nini tusingoje tu?

Wengi huacha wenyewe, hilo ni kweli. Lakini yupo asiyeacha, na huyo ndiye ninayemhofia.

Nilipata kuwa na msichana wa PP2 ambaye k zake zote zilikuwa t. Alikuwa mwerevu, hesabu zake safi, kuchora ndiyo usiseme. Siku moja alisimama kueleza alichokula usiku, akasema "taa". Darasa zima likaangua kicheko: ati amekula taa ya stima! Wengine wakasema ni samaki taa, wakazidi kucheka. Yeye alikula kaa. Tangu siku ile nikaona hanyooshi mkono tena. Nikimuuliza jambo alilijua lakini hujibu kwa kichwa, au huchagua neno jengine lisilo na k. Mtoto wa miaka 5 alikuwa ameshajifunza kuyakwepa maneno.

Hayo ndiyo madhara. Sauti yenyewe ni jambo dogo. Kunyamaza ndilo kubwa. Mtoto anayenyamaza darasani huonekana mzito wa kufahamu, na akianza kusoma huandika vile anavyotamka: "tutu", "tiatu", "dari". Kosa la mdomoni likahamia kwenye daftari.

Kabla ya ulimi, tazama masikio

Jambo la kwanza si kumfundisha chochote. Ni kuhakikisha kwamba mtoto asikia. Sauti asiyoisikia vizuri hawezi kuitoa vizuri. Watoto wengi hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, na usikivu wao hupungua bila maumivu yoyote. Mwengine masikio yatoka usaha kila baada ya wiki chache, na sisi twapangusa na kunyamaza.

Jaribu hivi: simama nyuma yake akiwa acheza, umwite kwa sauti ya chini. Angalia kama aongeza sauti ya televisheni, kama asema "he?" kila mara, kama atazama sana midomo yako. Ukiwa na shaka, mpeleke akapimwe masikio hospitalini kabla ya jambo jengine lolote. Na tafadhali, usimtie mafuta ya moto wala kijiti sikioni.

Kuhusu kimeo na ulimi

Hapa Pwani bado wapo wanaokata kimeo cha mtoto wakiamini kitamfungua ulimi. Kimeo hakitamki g wala r. Kukikata kwa wembe huleta damu nyingi na maambukizi, na mtoto hurudi nyumbani bado asema "dari". Ama ulimi uliofungwa kwa chini, upo kweli kwa baadhi ya watoto. Lakini kama mtoto aweza kuutoa ulimi nje ya midomo na kuunyanyua kugusa nyuma ya meno ya juu, basi ulimi wake huenda hauna kizuizi. Anayestahili kuamua ni daktari.

Vile vile, kumpulizisha puto au kumlambisha asali puani ni michezo mizuri, lakini hayafundishi matamshi. Ulimi hujifunza kusema kwa kusema.

Kanuni tano kabla ya kuanza

Moja, chagua sauti moja tu. Mtoto aliyekosa k, r na sh usimshike zote. Anza na ile inayotokea mapema kwa umri wake, au ile anayoipatia mara moja moja.

Mbili, dakika 5 kwa siku zatosha. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika 5 kila siku, baada ya kuoga au kabla ya chakula cha usiku, zashinda saa nzima ya Jumamosi yenye machozi.

Tatu, nje ya dakika hizo usimrekebishe kwa kumkatiza. Akisema "Dari hilo!" usimwambie "Sema gari! Sema tena!" Mwambie kwa furaha: "Ehee, gari hilo! Gari kubwa. Gari la nani?" Amesikia mara tatu, hakuaibishwa, na mazungumzo yameendelea.

Nne, msimuige. Nyanya na shangazi kwa mapenzi hupenda kumjibu kwa kitoto chake, "tutu wangu ataka tula?" Mapenzi hayo yamnyima mfano wa kufuata. Ama ndugu zake wakubwa wanaomcheka, hao waonywe kabisa.

Tano, ukae naye uso kwa uso, na kioo kidogo kiwepo. Anahitaji kuona mdomo wako na wake.

Ngazi za kupanda

Hakuna mtoto anayetoka "dari" akaruka hadi "gari" kwa siku moja. Kuna ngazi, na kila moja yakaa siku kadhaa, pengine wiki.

Ngazi ya kwanza ni kusikia. Chora au tafuta vitu viwili ambavyo majina yao yatofautiana kwa sauti ile tu. Kiswahili chetu kimejaa jozi kama hizo. Kwa k na t: kaa na taa. Kwa g na d: gari na dari. Kwa r na l: karamu na kalamu, kura na kula. Kwa sh na s: shuka na suka, shindano na sindano. Weka picha ya kaa na picha ya taa mezani. Wewe sema, yeye aonyeshe. Hapa hatakiwi kutamka lolote. Akionyesha sawa mara 8 katika 10, masikio yake yameshaitenga sauti.

Kisha mbadilishane: yeye aseme, wewe uonyeshe. Akisema "taa" naye ataka kaa, wewe onyesha taa. Atashangaa. Atajaribu tena. Hapo mtoto huona mwenyewe kwamba sauti ile yabadilisha maana, na hakuna aliyemkemea.

Ngazi ya pili ni sauti peke yake. Ya tatu ni silabi: ka, ke, ki, ko, ku. Hapa Kiswahili chatufaa sana, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na mtoto wa PP1 ameshazikariri. Ya nne ni neno linaloanza kwa sauti hiyo: kaa, kiti, koti. Ya tano, sauti ikiwa katikati: paka, mkeka, sukari. Ya sita ni fungu la maneno: "kaa mkubwa", "kiti cha kaka". Ya saba ni sentensi, na ya mwisho ni mazungumzo ya kawaida. Akikwama, shuka ngazi moja. Kushuka si kushindwa.

Maneno marefu yana tabu yake. Mtoto hula silabi: nanasi likawa "nasi". Hapo piga naye makofi, kofi moja kwa kila silabi: na-na-si, ki-a-zi, ma-ta-ti-zo. Watoto hupenda ngoma.

Kila sauti na mahali pake

Sisi watu wa Pwani elimu hii si ngeni kwetu. Mwalimu wa chuoni anapomfundisha mtoto makhraji ya herufi, wapi ulimi uguse, wapi pumzi ipite, afanya kazi hii hii. Basi muulize mwalimu wa chuo ni sauti gani mtoto aikosa pale kwake. Akipatia th ya Kiarabu na kuikosa katika "thamani", ulimi wake wajua njia. Kilichobaki ni mazoezi tu.

K na g hutoka nyuma ya kinywa. Mtoto anayesema t na d apandisha ncha ya ulimi badala ya mgongo wake. Mlaze chali kitandani, kwa kuwa ulimi ukiwa hivyo hurudi nyuma kwa urahisi. Afunue kinywa wazi na aseme "ka". Ikishindikana, aishike ncha ya ulimi wake chini kwa kidole chake mwenyewe kilichooshwa. Ncha ikizuiwa, mgongo ndio utakaonyanyuka. Kusukutua koo kwa maji pia humfahamisha pale nyuma ni wapi.

S na kithembe. Mwenye kithembe hutoa ulimi kati ya meno. Mwambie meno ni mlango na ulimi ni paka: funga mlango, paka asitoke. Meno yagusane, midomo itabasamu, pumzi ipite kama gurudumu linalotoa upepo: sss. Kumbuka kwamba mtoto wa miaka 6 aliyeng'oka meno ya mbele atakuwa na kithembe cha muda. Muache meno yaote.

Sh ni sauti ya kumlaza mtoto mchanga. Kidole mdomoni, midomo mbele kama ataka kubusu: shhh. Ukitaka aone tofauti, mtazameni kwenye kioo: s midomo hutabasamu, sh midomo hutoka mbele.

F, kwa anayesema "pundi" badala ya fundi: meno ya juu yaume mdomo wa chini taratibu, kisha apulize. Hiyo aghalabu hupatikana upesi kwa sababu aiona.

Th na dh ni kinyume cha kithembe: hapa ulimi waruhusiwa kuchungulia. Th yapuliza, dh yatetemesha. Muwekee mkono wake kooni mwako asikie mtetemo wa "dhahabu" ulivyo, kisha "thelathini" asikie koo limetulia.

R ndiyo yenye kutaka subira. Ncha ya ulimi hugonga nyuma ya meno ya juu, mara moja na upesi. Anza na "da-da-da" kwa kasi, kisha "ede-ede-ede", kasi izidi mpaka d ilegee na kuwa "ere". Halafu "mara", "bara", "sura", r ikiwa katikati kwanza, ndipo "rangi" na "rudi". Mtoto aliye chini ya miaka 5 usimshurutishe.

Mazoezi ndani ya maisha

Dakika 5 zikisha, siku nzima imebaki. Ukienda sokoni na mwenye kutafuta k, hesabuni kaa, kamba, kuku, karoti, vikapu. Wa g atafute magari, magurudumu, magunia. Mkipika, wa sh aitwe achanganye wishwa wa kuku. Vitendawili vya usiku navyo ni skuli nzuri: chagua jibu lenye sauti yake. Akifika ngazi ya sentensi, mtungieni kitanza ndimi chenu wenyewe, kama "Kaka kakuta kaa kando ya kikapu," na mzee naye akijaribu akakosea, mtoto atafurahi kweli.

Yule msichana wangu wa kaa na taa, mamake alifanya hivi na kaka yake mkubwa akawa ndiye mshika picha. K ya peke yake ilichukua karibu wiki 3. Maneno yakachukua muhula. Hata alipoweza, akiwa na haraka au hasira ilimrudia t, na hilo ni kawaida. Lililonipa raha si k yenyewe. Ni siku aliponyoosha mkono bila kuitwa.

Lini utoke nyumbani utafute msaada?

Usingoje ikiwa mtoto wa mwaka 1 hatoi sauti za kujaribu kusema, ikiwa wa miezi 18 hana hata neno, ikiwa wa miaka 2 haunganishi maneno mawili, au ikiwa wa miaka 3 hata watu wa nyumbani hawamuelewi. Vile vile akipoteza maneno aliyokuwa nayo, sauti yake ikitokea puani, akipaliwa mara kwa mara akila, akikoroma sana usiku, au masikio yakitoka usaha. Kigugumizi kinachomfanya akaze uso au aogope kusema nacho kionwe na mtaalamu.

Anza na kliniki ya mtoto na kile kijitabu chake, ambacho kina hatua za makuzi. Omba apelekwe kitengo cha masikio, pua na koo. Kwa upande wa elimu, serikali ina vituo vya kutathmini watoto vinavyoitwa EARC, vilivyoanzishwa tangu 1984, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuonyesha kilicho karibu nawe. Taasisi ya KISE kule Kasarani, Nairobi, nayo hutathmini watoto. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, na foleni ni ndefu, kwa hivyo ukipata miadi usiiache. Mwambie mtaalamu yale mliyoyafanya nyumbani. Muombe akuonyeshe zoezi moja la kwenda nalo, kwa kuwa yeye atamuona mtoto kwa saa chache tu, na siku zilizobaki ni zako.

Usiku wa leo, kabla hujachukua kioo wala picha, mkalishe mwanao akuhadithie siku yake. Msikilize mpaka amalize, na usimrekebishe hata neno moja. Wewe sikiliza tu ni sauti gani imempiga chenga zaidi ya zote. Hiyo ndiyo mtakayoanza nayo kesho.